TikTok, Instagram, YouTube ama WhatsApp: video za biashara yako hapa Mombasa uziweke wapi?

Kila mwenye biashara Mombasa saa hii ashaambiwa aingie mtandaoni, hilo halina mjadala tena. Wa leso pale Biashara Street kaambiwa, mwenye kotej Nyali kaambiwa, wapambaji wa harusi wao hata hawakungoja kuambiwa, walishaingia kitambo na mataa yao ya duara. Kinachochanganya watu ni wapi. Kijana wako nyumbani ataka TikTok, shemeji asema Instagram ndo kuna watu wenye pesa, duka la jirani lauza kwa statasi ya WhatsApp tu na kila jioni bodaboda zimepanga foleni mlangoni. Alafu kuna yule mtaalamu wa semina anayekwambia uwe kote, kila siku, mara tatu kwa siku. Huyo muulize nani atakaanga viazi wakati wewe waediti video.

Nalinganisha njia nne: TikTok, Instagram, YouTube, na ile jozi ya WhatsApp na Facebook ambayo nimeiweka pamoja kwa sababu wengi hapa petu wazitumia pamoja. Mshindi wa wote hayupo. Ila msimamo ninao na nausema mapema: kabla ya kitu chochote angalia mteja wako huchukua muda gani kuamua. Mtu wa viazi karai huamua dakika mbili, njaa ishamshika. Anayetafuta mpambaji wa harusi huzunguka miezi, na mama mzazi ana kura yake na shangazi ana kura yake. Anayepanga kushuka na familia kwa treni ya SGR Disemba huanza kuchungulia vyumba tangu Septemba. Hawa watatu hawatazami video kwa namna moja, na ukiiweka video mahali pasipoenda na mwendo wa mteja wako ndo unapata watazamaji elfu ishirini na mauzo ya soda moja.

Nimepima kwa nini

Mambo matano, na kila njia nimeipitisha kwa hayo hayo. Nani yuko pale. Video inaishi muda gani kabla haijazama. Jasho na pesa za kuitengeneza, bando likiwemo. Njia ya kutoka kwa video mpaka pesa iingie kwa Till yako. Na la mwisho ambalo watu hulisahau, ubunifu wa aina gani unakubalika pale, maana kitu kinachochekesha TikTok kikipelekwa kwingine chaweza kuonekana upuzi tu.

TikTok

*Nani yuko pale.* Usinambie ni watoto wa shule tu, hiyo ilikuwa zamani. Ripoti ya Reuters Institute ya 2023 iliiweka Kenya mbele ya nchi zote ilizozipima kwa matumizi ya TikTok, asilimia 54 ya waliohojiwa walisema waitumia. Uzuri wake mkubwa ni kwamba haikuangalii una wafuasi wangapi, video ya akaunti iliyofunguliwa jana yaweza kupelekewa watu wasiokujua kabisa. Ubaya ni huo huo, waweza kupelekewa watu wa Kisumu na Dar es Salaam wakati wewe wauza mahamri Majengo na huwezi kuwafikishia.

*Inaishi muda gani.* Nyingi hufa ndani ya siku chache. Chache huibuka tena baadaye bila sababu ya kueleweka, lakini usiiwekee bajeti bahati.

*Jasho na pesa.* Video yenyewe nyepesi, simu yatosha, na ikiwa safi kupita kiasi watu wanusa tangazo na kupita. Kazi iko kwenye kurudia rudia, lazima uwe wa kuposti mara kwa mara. Na kuna jambo la muziki ambalo huwauma wengi: akaunti ya biashara haipewi nyimbo zote zinazotrendi, yapewa maktaba yake ya nyimbo zilizoruhusiwa kwa biashara. Ukijifanya mtu binafsi ili utumie wimbo wa msanii mkubwa kuuzia madera, video yaweza kunyamazishwa sauti, na mwenye wimbo ana haki ya kukudai. Sauti yako mwenyewe haina deni. Mtu anayeeleza kwa Kimvita safi vile mkate wa sinia unavyochomwa, huyo hahitaji wimbo.

*Njia ya pesa.* Ndefu kidogo. Linki ukiiandika kwenye maelezo ya video haibonyezeki, kwa hivyo taja namba kwa mdomo, iandike juu ya video, na useme uko wapi hasa. "Mombasa" haitoshi, sema nyuma ya jengo gani, maana anayetaka kula leo hana muda wa kuuliza.

*Ubunifu unaokubalika.* Hapa kampuni hufanikiwa zikikubali kuchekwa kidogo. Duolingo, wale wa kufundisha lugha, walimchukua yule bundi wao wa kijani na tangu 2021 wakamfanya mtukutu wa TikTok, na watu wanaomfuata hata si wote wanaosoma lugha. Lakini mfano ninaoupenda mimi ni wa Ocean Spray, kampuni ya juisi, Septemba 2020 kule Marekani. Jamaa mmoja, Nathan Apodaca, gari lake lilizima njiani akaendelea na safari kwa skateboard huku akinywa juisi yao na kuimba wimbo wa zamani. Kampuni haikupanga lolote, haikumlipa, haikumjua. Video ilipoenea wakamnunulia gari jipya wakalijaza juisi, na bosi wa kampuni naye akapanda skateboard akarekodiwa. Walichofanya wao ni kuwahi. Wewe nawe mteja akijirekodi kibarazani pako anakula mbaazi, mshukuru siku hiyo hiyo, muombe ruhusa uiposti, mpelekee sahani nyingine. Wengine huona komenti baada ya wiki mbili, hapo hakuna tena cha kuwahi.

Na kujibu komenti kwa video, ambayo TikTok wameiweka rahisi kabisa, si jambo jipya. Old Spice, wale wa manukato na sabuni za wanaume, walifanya hivyo Julai 2010 kupitia YouTube na Twitter, wakajibu watu kwa video fupi zaidi ya 180 ndani ya siku chache. Mtu akikuuliza "hii abaya inapauka?" hilo ni swali la mtu anayetaka kununua, ifue mbele ya kamera.

Instagram

*Nani yuko pale.* Nguo, vipodozi, hina, harusi, mikahawa ya kupigia picha, hoteli. Pia watu wa Nairobi wanaotafuta pa kushukia, na wageni wa nje ambao Facebook yao hawaifungui tena. Kama mteja wako hununua kwa macho, yuko huku.

*Inaishi muda gani.* Stori ni saa 24 zimekwisha, ila waweza kuihifadhi juu ya ukurasa. Reels, zile video fupi zake, zatembea zaidi. Lakini nguvu ya Instagram ni ukurasa mzima, ni kama kabati la kioo la sonara, mtu akishaona kitu kimoja anaingia kuangalia vingine kumi kabla hajakuandikia. Ndo maana wale wa kuamua polepole yawafaa sana.

*Jasho na pesa.* Hapa picha yataka kupendeza. Si lazima kamera ya laki, lakini yataka mwanga, na Mombasa mwanga tumepewa bure, asubuhi mapema na baada ya alasiri. Saa saba mchana usijaribu, kila kitu chatoka cheupe na mpambaji ametoka jasho.

*Njia ya pesa.* Kwenye maelezo ya posti linki haibonyezeki huku pia, lakini tangu 2023 waweza kuweka mpaka linki tano kwenye wasifu wako, kwa hivyo weka ya WhatsApp iwe ya kwanza. Na jamani, hii tabia ya "bei njoo inboksi" ifike mwisho. Mtu anauliza bei hadharani, wamwambia aje chumbani, na wengine mia waliokuwa wanasoma komenti wamepita. Kama kazi yako ni ya kupimiwa andika "kuanzia".

*Ubunifu unaokubalika.* Kazi ya mteja iwe tangazo lako. GoPro walijenga jina lao karibu lote kwa video za watu walionunua kamera zao, na mwaka 2015 wakaanzisha mpango wa kuwalipa wateja kwa video nzuri. Wa kupeleka watu Wasini na Kisite kuona pomboo wako na bahati hiyo hiyo, wageni wote wana simu mkononi na wako wafurahivu, waombe tu video kabla hawajashuka kwa boti maana wakifika hotelini washasahau.

Kwenye harusi kuna mpaka ambao mtu wa mji huu hahitaji kuelezwa. Shughuli ya wanawake simu hazitolewi, na mpambaji akiposti bibi harusi au waalikwa bila idhini hapati kazi tena mtaa mzima. Walio wajanja wanarekodi ukumbi kabla watu hawajaingia, mikono yenye hina, vikuba vya asmini vikifungwa, jukwaa likijengwa kutoka mbao tupu. Na hizo ndo zapendwa zaidi kuliko picha za watu.

YouTube

*Nani yuko pale.* Anayetafuta. Hii ndo tofauti kubwa. TikTok na Instagram video yamfuata mtu, YouTube mtu aifuata video, ameandika mwenyewe "namna ya kuzuia geti lisishike kutu" akaja. Google waliinunua YouTube mwaka 2006, na video zake zatokea hata kwenye majibu ya Google ya kawaida.

*Inaishi muda gani.* Miaka. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayoikaribia.

*Jasho na pesa.* Nyingi zaidi. Sauti lazima isikike, na upepo wa bahari ukiingia kwa maiki video yote imeharibika. Yataka mpangilio, picha ya mbele, kichwa kinachotafutika, na kupakia video ndefu kwa bando la simu ni uchungu, ngoja upate Wi-Fi. Kuna Shorts, video zake fupi, ambazo tangu Oktoba 2024 zaweza kufika dakika tatu, hizo ni nafuu, lakini nazo mwendo wake wafanana zaidi na TikTok kuliko YouTube yenyewe.

*Njia ya pesa.* Maelezo ya video ndefu yana linki zinazobonyezeka. Za Shorts walizizima 2023. Haraka ya kununua haipo, lakini anayekuja kutoka YouTube huwa ashakuamini, hakuulizi maswali ya mwanzo.

*Ubunifu unaokubalika.* Hapa ntakaa kidogo maana ndo pana somo. Blendtec ni kampuni ya Utah ya mashine za kusagia, hakuna aliyeijua. Mwaka 2006 mtu wao wa masoko, George Wright, akaona unga wa mbao sakafuni kiwandani, akauliza, akaambiwa ni bosi Tom Dickson hujaribu nguvu ya mashine kwa kusaga vipande vya mbao. Wakachukua bajeti ya kama dola 50, wakamrekodi bosi amevaa koti jeupe anasaga vitu visivyosagika, na 2007 akasaga iPhone mpya kabisa. Mauzo yakapanda na jina likajulikana dunia nzima. Angalia hapo: jaribio lilikuwa lafanywa kila siku kiwandani kabla ya kamera kufika. Hawakubuni kichekesho, waliona kilichokuwa tayari mbele ya macho.

Sasa zungusha macho hapa petu. Chumvi ya bahari yala chuma, kila mwenye nyumba Bamburi na Shanzu anajua geti la mwaka mmoja laweza kuonekana la miaka kumi. Fundi wa mageti anayepaka vipande viwili, kimoja rangi ya kawaida kimoja na dawa yake, akavifunga ufuoni na kuvirekodi kila mwezi, ana video ambayo mtu wa Nairobi hawezi kuiga. Maji ya kisima yana chumvi, muuza vichujio apasue birika aonyeshe ule ukoko. Fundi sofa ampandishe baba wa kilo mia na ishirini aruke. Hizi ni kazi za YouTube kwa sababu swali lake litaulizwa mwaka huu, mwaka ujao na mwaka wa tatu.

Ila uwe tayari. Dollar Shave Club, wauza nyembe, waliweka video yao Machi 2012, iligharimu kama dola 4,500, na tovuti yao ikazidiwa na watu, oda 12,000 ndani ya siku mbili. Wao walijikokota wakazitimiza, na 2016 Unilever ikawanunua kwa takriban dola bilioni moja. Duka dogo likipata oda mia tatu za kikoi usiku mmoja na cherehani ni mbili, yale matusi ya komenti yataishi miaka pamoja na video.

WhatsApp na Facebook

*Nani yuko pale.* Wote. Mama, babu, mwalimu, yule wa bandarini, jamaa zetu walioko Oman na Dubai wanaotuma pesa ili mama anunuliwe kapeti ya Idi. Facebook imebaki na watu wazima na magurupu ya mitaa, ya kuuza na kununua, ya kutafuta nyumba.

*Inaishi muda gani.* Statasi saa 24. Posti ya gurupu huamka kila mtu akiikomentia.

*Jasho na pesa.* Kidogo kabisa. WhatsApp Business ni ya bure, ilitoka 2018, ina katalogi na majibu ya kujiandikia mapema. Orodha moja ya kutumia watu ujumbe inabeba 256, na ujumbe humfikia tu aliyekusevu kwa simu yake, kwa hivyo kila anayelipa mwambie akusevu. Facebook ukitaka kubusti posti, yaani kuilipia ionwe na watu zaidi, waweza kuchagua eneo, mfano Likoni tu ama Mtwapa mpaka Kikambala, na usiyekuwa na kadi ya benki kuna M-Pesa GlobalPay ya tangu 2022 inayokupa kadi ya Visa ndani ya simu. Tangazo hilo hilo laweza kutokea Instagram, kampuni ni moja.

*Njia ya pesa.* Fupi kuliko zote. Ameona, ameuliza, Till hii, bodaboda huyo.

*Ubunifu unaokubalika.* Wa karibu, wa sauti. "Biriani ya Ijumaa imefunguliwa sufuria," sekunde kumi na mvuke, imetosha. Udhaifu wa statasi ni kwamba mgeni hakuoni, wazungumza na wanaokujua tu. Na udhaifu wa Facebook ni matapeli, hasa wa kotej hewa msimu wa Disemba, watu washaliwa sana hapo. Mwenye nyumba ya kweli ajitofautishe: video isiyokatwa kuanzia barabarani, geti, ngazi, mpaka atoe kichwa dirishani aonyeshe jengo la jirani. Tapeli hana hiyo.

Kote kote: usimrekodi mtu kiholela

Tuna sheria ya kulinda data ya 2019, na si ya karatasini. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mwenye baa Mtwapa na mwenye madrasa Kisauni wote yawahusu. Idhini ichukue kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp ni bora kuliko "si alicheka tu".

Sasa wewe ni yupi?

Wauza chakula cha leo leo, mahamri, viazi, biriani, samaki wa kupaka: WhatsApp iwe msingi, TikTok ya kuleta sura mpya. Mwezi wa Ramadhani posti kabla ya alasiri, baada ya hapo watu washapanga futari yao.

Wauza nguo ama manukato na wateja wako hawajai mkono: anza na statasi, usihangaike na zingine mpaka hao wachache wawe wanunuzi wa kurudi. Mpambaji, wa hina, wa keki za harusi, huyo Instagram, na ukurasa uwe na kazi kumi nzuri kabla hujaanza kubusti chochote.

Kotej, hoteli ndogo na safari za boti ziko katikati, na hapa nakubali gharama ya mbili: Instagram ya kumvutia mtu, YouTube ya kumtoa wasiwasi. Video moja ndefu ya namna ya kufika kwako kutoka stesheni ya Miritini yaweza kukufanyia kazi misimu mingi.

Fundi, hadhiwea, vichujio vya maji, dawa za mchwa: YouTube kwa lile jaribio lako, na kipande chake kwa magurupu ya Facebook ya mitaa. TikTok ukipenda, lakini simu za oda zitatoka kwengine.

Kampuni yenye wafanyakazi na bajeti yaweza kurekodi mara moja ndefu na kukata vipande vya kote. Kateni kutoka kwa faili ya mwanzo tu, maana Instagram walishasema video yenye nembo ya TikTok juu yake hawaisukumi kwa watu wapya. Na mwenye kujibu komenti awe anayejua bei na ana ruhusa ya kutoa jibu, si yule wa mafunzo ya kazi anayeandika "tutakujuza".

Na kama ushakuwa na wafuasi wengi lakini mauzo hakuna, usihame. Kaa hapo hapo wiki kadhaa, weka bei, weka mahali, na kila anayelipa muulize katujulia wapi, uandike kwa daftari. Ukiona wote wasema "nimeletwa na dadangu", basi hela ya kubusti mpe dada punguzo.